Mgahawa wa familia: Faida ya kwenye daftari ni mshahara wa nani?

Katika mitaa ya Kisutu, Upanga na Kariakoo jijini Dar es Salaam, kama ilivyo Mji wa Kale wa Mombasa na mitaa ya Unguja mjini, mgahawa wa familia ni biashara inayotamaniwa sana na watu wenye akiba ndogo. Mtu aliyepata kiinua mgongo chake, au aliyeuza kiwanja, hupita hapo saa saba mchana akakuta viti vimejaa, wateja wengine wamesimama mlangoni wakisubiri kufungiwa chakula, na mzee kwenye kaunta akipokea fedha bila kupumzika. Anapiga hesabu kichwani akiwa bado na sahani ya biriani mbele yake. Kabla hajanawa mikono ameshaamua kumfuata mwenye mgahawa na kuomba kuingia ubia.

Hesabu hiyo ya kichwani ndiyo imewatia hasara wengi. Chakula hakina kasoro. Kasoro iko kwenye daftari, tena kwa nia njema, kwa sababu familia haikuwahi kujiandikia mshahara.

Ieleweke kwanza ni biashara ya namna gani. Migahawa hii ilianzishwa na familia ambazo wazee wao walikuja pwani kutoka Kutch na Gujarat, Hadhramaut, Baluchistan na Ngazija, wengine kwa jahazi la biashara na wengine baada ya ndugu aliyetangulia kuwaita. Kila nyumba ilikuja na chungu chake. Baada ya kizazi kimoja au viwili, watoto wakiwa wamecheza na kuoana na majirani, vyungu vilichanganyika. Leo meza moja ina chapati na maharage ya nazi asubuhi, pilau, biriani na ugali kwa samaki wa kupaka mchana, halafu mishikaki, bajia, kachori na muhogo wa kukaanga jioni. Mteja haulizi kipi ni cha Kihindi, kipi cha Kiarabu na kipi cha Mswahili, na hana sababu ya kuuliza.

Bakuli la urojo linaeleza jambo hili vizuri kuliko maneno. Bajia zake ni za unga wa dengu, ufundi uliotoka India. Mishikaki ina asili ya majiko ya Uarabuni na Uajemi. Muhogo uliokatwa vipande vyembamba na kukaangwa ni zao lililoletwa Afrika na Wareno kutoka Brazil. Embe mbichi, ndimu na pilipili ni za sokoni hapa hapa. Vyote humwagiwa mchuzi wa manjano ambao, kwa lugha ya mfanyabiashara, ni maji, unga wa ngano, bizari na uchachu. Sehemu kubwa ya ujazo wa bakuli ndiyo sehemu ya bei nafuu kuliko zote, na mteja hajioni ameibiwa kwa sababu ladha iko humo humo. Si vyakula vingi vya mtaani vyenye hesabu nzuri namna hiyo.

Ubora wa kibiashara wa mchanganyiko huu uko katika matumizi ya mali. Gunia moja la viazi mbatata linalisha kachori, bajia, sambusa, urojo na mchuzi wa nyama. Nazi zilizokunwa alfajiri kwa maharage zinatosha kuku wa kupaka wa mchana. Nyama ambayo haikufaa mishikaki inasagwa kuwa kima cha sambusa. Mgahawa unaopika chakula cha aina moja hutupa masalia jioni, lakini huu hukuta kila kitu kina mlango wa pili wa kutokea. Tena una mauzo ya nyakati tatu kwa siku huku kodi ya pango ikiwa moja. Katika siku ambayo mchana umelala kwa mvua, jioni ya bajia na chai ya tangawizi inaweza kuiokoa.

Aidha, mchanganyiko ni kinga dhidi ya misukosuko ya bei. Mwaka 2022 ulidhihirisha hilo. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari, ngano na mafuta ya kula vilipaa duniani kote, na mwezi Machi kipimo cha bei za vyakula cha FAO kilifika juu kuliko wakati wowote tangu kilipoanzishwa mwaka 1990. Indonesia nayo ikafunga kusafirisha mafuta ya mawese kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei. Wauza chapati na maandazi peke yake walibanwa pande mbili kwa mpigo, unga na mafuta. Mgahawa wenye wali wa Kyela au Mbarali, ugali, ndizi na samaki wa Feri uliweza kupunguza chapati kuwa ndogo kidogo na kumsogeza mteja kwenye sahani nyingine bila kelele.

Dengu nayo ina hadithi yake. Wakulima wa Kanda ya Ziwa huuza nyingi India, na India ilipoweka ushuru wa asilimia 30 kwa dengu za nje Desemba 2017, kisha ikaupandisha hadi asilimia 60 Machi 2018, pigo lilimfika mkulima. Kwa mkaanga bajia wa Kisutu uamuzi wa Delhi ulikuwa na sura nyingine kabisa. Mwenye kufuatilia soko la dengu ajue kwamba bei yake huamuliwa mbali na Shinyanga.

Hadi hapo mgahawa unaonekana ni mali safi. Sasa lifunguliwe daftari.

Ichukuliwe hesabu ya mfano, yenye tarakimu za mviringo, si ya mgahawa wowote unaojulikana. Mauzo ni shilingi 600,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, jumla shilingi milioni 15.6. Vyakula na viungo vinakula nusu, yaani milioni 7.8. Gesi, mkaa, umeme na maji ni milioni 1.2. Wafanyakazi wanne wa kuajiriwa, kila mmoja shilingi 250,000, ni milioni 1. Pango la fremu, ambalo familia imekaa miaka mingi, ni shilingi 900,000. Leseni, kodi, vifungashio, vyombo vinavyovunjika na mengineyo ni milioni 1.1. Matumizi yote yanafika milioni 12. Kinachobaki ni milioni 3.6 kwa mwezi, na hicho ndicho mzee wa kaunta atakachomwonyesha mgeni kwa moyo mweupe kabisa. Hadanganyi. Fedha hizo zipo.

Lakini nani alipika? Mama wa nyumba aliamka saa kumi alfajiri kukanda unga na kuunga masala ambayo kipimo chake kiko kwenye kiganja chake. Mzee mwenyewe alikaa kwenye kaunta tangu asubuhi hadi kufunga. Kijana wao alikwenda sokoni na Feri kununua. Shangazi alikuwa nyumbani akikunja sambusa, akiletewa unga asubuhi na kufuatwa mzigo saa tisa. Hawa wanne hawamo katika hesabu ya mishahara. Wanakula humo, wanavaa humo, ada za watoto zinatoka humo, na hivyo ndivyo wanavyolipwa.

Wakiondoka, au wakichoka, nafasi zao zitajazwa kwa fedha. Mpishi anayeweza kuongoza jiko la aina tatu hatakubali chini ya, tuseme, shilingi 700,000. Mshika fedha anayeaminika ni 400,000, mnunuzi 400,000, mkunja sambusa 300,000. Jumla ni milioni 1.8, na nusu ya ile faida imekwenda.

Linafuata pango, na hapa historia inaingia dukani. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi katikati ya jiji yalikuwa ya wenye asili ya Asia. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaunganishwa katika Shirika la Nyumba la Taifa. Familia kadhaa zilijikuta wapangaji katika nyumba ambazo zilijengwa na babu zao. Wengi waliofungua migahawa chini ya majengo hayo walianza kwa pango la enzi ile ile, likipanda polepole. Majengo mengine ya zamani yamekwisha bomolewa na kupisha maghorofa, na fremu mpya za chini zina bei mpya. Kwa mgahawa wa mfano, pango la soko likiwa shilingi milioni 2.4, ongezeko ni milioni 1.5.

Toa milioni 1.8 za mikono na milioni 1.5 za fremu kutoka milioni 3.6. Zinabaki shilingi 300,000.

Mwekezaji aliyetoa milioni 30 kwa nusu ya mgahawa alitarajia milioni 1.8 kwa mwezi na mtaji kurudi ndani ya miezi 17. Kwa hesabu halisi atapata 150,000 kwa mwezi, na mtaji utarudi baada ya miezi 200, yaani miaka 16 na miezi minane. Hiyo ni asilimia 6 kwa mwaka. Hati fungani za serikali za muda mrefu zimelipa zaidi ya hapo katika miaka ya karibuni, na hazihitaji mtu wa kukanda unga.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo huwa hayasemwi mezani. La kwanza ni mali kauli. Muuza mchele, muuza nyama na muuza mafuta humkopesha mzee wa mgahawa kwa juma zima kwa sababu walimjua baba yake na wanajua atakapozikwa. Mkopo huo hauna karatasi wala riba. Siku jina la biashara linapobadilika, au mgeni anapoanza kukaa kaunta, mfanyabiashara wa jumla huomba fedha taslimu. Kwa ununuzi wa milioni 7.8 kwa mwezi, juma moja la mali kauli ni karibu milioni 2 za mtaji ambazo ghafla lazima zitafutwe. Mwekezaji hakuziona kwa sababu hazikuwamo popote.

La pili ni kodi. Mauzo ya milioni 15.6 kwa mwezi ni milioni 187.2 kwa mwaka. Kiwango cha kujiandikisha kwa kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara, kilichopandishwa kutoka milioni 100 mwezi Julai 2023, ni milioni 200. Mgahawa wa mfano uko chini yake kidogo tu. Mbia mpya huja na mawazo ya kupanua: meza kumi zaidi, pikipiki za kupeleka chakula. Akiongeza mauzo kwa asilimia 7 ameshauvuka mstari, na asilimia 18 inaanza kudaiwa. Mazao ghafi kama nyama, viazi na nyanya yamesamehewa kodi hiyo, hivyo mgahawa hauna marejesho makubwa ya kudai. Ama bei ya biriani ipande, ama faida ile ya laki tatu itoweke. Kupanua si kosa, lakini kupanua kidogo ni hatari kuliko kutopanua kabisa.

Wapo watakaobisha kwamba nguvu ya familia ndiyo hasa ubora wa biashara hizi, na kwamba kuipigia bei ni kuingiza hesabu za makampuni makubwa mahali pasipohusika. Hoja hiyo ina ukweli wake. Familia inayofanya kazi pamoja hustahimili miezi mibaya ambayo mgahawa wa kuajiri watu watupu ungeifunga. Lakini faida hiyo ni ya familia. Haiuziki. Mama aliyeamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya ada ya mwanawe hataamka saa hiyo hiyo kwa ajili ya gawio la mtu wa mtaa wa pili. Si ubaya wa moyo, ni jambo la kawaida, na kila aliyewahi kuingia ubia na familia ya watu analijua.

Ushahidi wa kwamba mali iko mikononi wala haiko kwenye kuta ulionekana wazi Uganda. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka, majengo na mashine vilibaki, na watu hawakuruhusiwa kubeba fedha za maana. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilifikia hatua ya kutangaza katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasiende huko, lakini wengi walikwenda. Barabara ya Belgrave ya mji huo leo inajulikana kwa maduka ya vitenge vya Kihindi, vito na migahawa, na katika migahawa ya jamii hiyo, Leicester na Wembley, muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu huuzwa kwa jina la mogo. Neno ni la Kiswahili lililokatwa kichwa. Walioacha kila kitu Kampala walifika na kitu kimoja ambacho askari wa forodha hakuweza kukitaifisha, wakaanzia hapo. Waliochukua migahawa yao nyuma walipata meza na sufuria.

Hili linaigusa kwa karibu migahawa ya Dar es Salaam na Mombasa ya leo, ingawa hakuna anayefukuzwa. Kizazi cha tatu kimesoma. Kijana aliyekuwa akienda Feri alfajiri sasa ni mhasibu, dada yake ni mfamasia, na hakuna anayeweza kuwalaumu, maana ndiyo sababu mama alikuwa akiamka. Mzee akifika umri wa kupumzika hutafuta mnunuzi. Hapo ndipo mwenye kiinua mgongo anapotokea, na watu wawili waaminifu wanauziana kitu ambacho tayari kimeshaanza kuondoka.

Zipo njia nzuri zaidi za kuweka fedha katika biashara hii. Mwenye milioni 5 anaweza kuikopesha familia jokofu kubwa na mashine ya kukandia unga, akalipwa kila juma kutoka mauzo kwa mkataba wa mwaka mmoja na nusu, mashine zikibaki mali yake hadi deni liishe. Hapo hanunui mikono ya mtu, ananunua muda wa watu ambao bado wapo na wana sababu ya kufanya kazi. Njia nyingine ni kutoa bidhaa nje ya mgahawa: sambusa za kugandisha, achari ya embe, masala ya pilau kwenye pakiti, kwa kusajili jina BRELA na kupata alama ya TBS. Kazi hiyo hulazimisha jambo ambalo familia nyingi zimelikwepa miaka yote, nalo ni kupima kiganja cha mama kwa mizani na kukiandika kwa gramu. Kipimo kikishaandikwa, kinaweza kurithiwa, kukodishwa au kuuzwa. Kikibaki kiganjani kinazikwa.

Kwa upande wa familia yenyewe, hatua ya kwanza haina gharama yoyote. Wajiandikie mishahara katika daftari, hata kama fedha zitabaki katika droo ile ile. Miezi sita ya daftari la namna hiyo itamwonyesha mzee kama ana biashara au ana ajira ya watu wanne chini ya paa moja. Ajira si jambo baya, na wengi mjini wanaitafuta usiku na mchana, lakini haiuzwi kwa bei ya biashara.

Na yule ambaye ameshaamua kununua kwa vyovyote, aombe kuona karatasi mbili kabla ya kutoa hata shilingi ya udalali: mkataba wa pango na tarehe unaokwisha, na daftari la ununuzi la mwezi Machi na la mwezi wa Ramadhani. Akae jikoni siku tatu, afike kabla ya adhana ya alfajiri, ahesabu watu walioko mle ndani na aulize kila mmoja analipwa kiasi gani. Fremu ikiwa imebakiza chini ya miaka miwili, kilemba kisilipwe.